Niambie Siku

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011, redio ilitangaza kwamba meli ya MV Spice Islander imezama usiku karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Nilikuwa uani nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, nachambua mchele. Mume wangu alikuwa hajasikika kwa siku 41.

Neno lake la mwisho kwenye simu lilikuwa hili: "Nakwenda Unguja kumaliza hesabu na tajiri, kisha nitapitia kwa mama Pemba, halafu nakuja." Idi ilikuwa imepita siku kumi tu, watu wanarejea makwao, vyombo vimejaa. Sikuhitaji mtu wa kunifanyia hesabu. Nilifunika ungo, nikampeleka binti yangu kwa mama, nikaenda kumgongea shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa amepanga mitaa michache kutoka kwetu. Nilimkuta amekaa kitandani na redio mapajani. Hatukuambizana kitu. Alivaa kofia yake tukatoka.

Tulishika gari la Pangani, tukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, tukafika Kipumbwi baada ya adhuhuri. Pale hupatikana mashua za mashine ziendazo Mkokotoni. Kusi ilikuwa bado ina nguvu. Nilitapika njia nzima, na shemeji, ambaye utoto wake wote ulipita majini, hakufumbua mdomo mpaka tulipoona taa za Unguja. Usiku tukafika uwanja wa Maisara, mahali walipolazwa maiti ili watu wapite kuwatambua.

Nilipita mara ya kwanza macho yakiwa nusu yamefumba. Mara ya pili nilitazama. Sitaeleza nilichokiona, kwa sababu wale walikuwa watoto wa watu na wake za watu, na waliotangulia wana heshima yao. Ila kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisema hata mbele ya mama yangu, na leo nalisema. Nilipokuwa nikifunuliwa uso wa saba au wa nane, moyo wangu haukuwa ukiomba asiwepo pale. Ulikuwa ukiomba awepo.

Kando yangu alikuwapo mama mmoja, mtu mzima, amejitanda kanga mbili. Alimtambua mwanawe. Alilia kilio ambacho bado nakisikia, watu wakamshika, wakamkalisha chini. Kisha baada ya muda akajifuta, akaanza kuuliza: sanda itapatikana wapi, nani ataosha, gari lipo? Alikuwa na kazi ya kufanya. Alijua amempoteza nani na tangu lini. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, nikiwa nimesimama na viatu vyangu vilivyolowa maji ya chumvi, sina sanda ya kutafuta wala mtu wa kumzika.

Hakuwepo. Hakuwepo kwenye orodha ya waliookolewa wala kwa mama yake Pemba, ambako shemeji alifanikiwa kupiga simu asubuhi. Tulirudi Tanga kama tulivyokwenda.

Siku ya kumi na tisa simu yangu ikaita, namba ya Kenya. Alikuwa Vanga. Msomaji asiyeijua pwani yetu naomba anielewe: Vanga ni hapo tu ng'ambo ya mpaka, ukishapita Jasini. Mtu hutoka Vanga asubuhi akala chakula cha mchana Tanga. Alikuwa kule muda wote, kwenye dago, kambi ya wavuvi, simu yake ilitumbukia majini, akawa hajapata pesa ya kununua nyingine. Nilimuuliza kama alisikia habari za meli. "Nilisikia, mke wangu. Msiba mkubwa. Wamo watu wa kijijini kwetu." Nikamwambia tulikwenda Maisara kumtafuta. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeshangaa kweli: "Sikujua kama ungedhani nimo."

Nimeishi na sentensi ile miaka mingi kuliko nilivyoishi na yeye.

Tulioana mwaka 1999. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa miaka miwili kazini. Yeye alikuwa baharia wa mashua ya ringineti, aliyekuja na wenzake kutoka Pemba kuvua dagaa upande wa Tanga. Mama yangu alikuwa akichemsha na kuanika dagaa ufukweni Sahare, nami siku za Jumamosi nilikwenda kumsaidia kuhesabu ndoo, maana wavuvi na wachuuzi kila mmoja ana hesabu yake. Kijana huyu alikuwa haongezi sauti kwenye bei. Alikuwa akisikiliza. Nilimweleza siku moja juu ya mwanafunzi wangu aliyekuwa anakuja shule bila kula, na baada ya wiki tatu za kuwa baharini kitu cha kwanza alichoniuliza kilikuwa: "Yule mtoto je?" Akanipa kifungu cha samaki wakavu nimpelekee. Ukiniuliza nilimpendea nini, jibu langu ni hilo, na halijabadilika. Nasema hivi kwa sababu wanawake wa hali yangu huulizwa swali hilo kwa sauti ya kuhukumu, kana kwamba tulipenda upotevu. Nilimpenda mtu aliyekumbuka habari za mtoto asiye wake.

Mara ya kwanza kupotea ilikuwa mwaka 2000, miezi minne. Mara ya pili miezi mitano. Binti yetu alizaliwa mwaka 2001 akiwa hayupo, akaja kumwona akiwa na siku 52. Iliyorefuka kuliko zote ilikuwa miezi tisa. Kati ya kupotea na kupotea alikuwa nyumbani, na hapo ndipo penye jambo gumu kuelezeka, kwa sababu alipokuwa nyumbani sikuona mtaani kwetu mume aliyemshinda. Aliingia na doti ya kanga, na pweza mkavu, na halua imefungwa kwenye kikuti. Alikuwa akiamka kabla yangu kuwasha mkaa. Alirekebisha bati lililovuja, akachota maji, akakaa na mtoto barazani akimfundisha majina ya pepo: kaskazi, kusi, matlai, umande. Majirani walikuja kumsalimia, nami nilipika kama siku ya sikukuu. Nyumba ilikuwa na harufu ya mtu. Nililala usingizi ambao nilikuwa sijalala kwa miezi.

Katika siku zile nilisahau. Sikusamehe, kusamehe kunahitaji mtu akumbuke kwanza. Furaha ya kumwona mlangoni ilikuwa kubwa kiasi kwamba kumuuliza alikuwa wapi kulionekana kama ubahili, kama mtu aliyeletewa maji jangwani akaanza kuuliza yametekwa kisima gani. Ndugu na majirani walinisaidia kusahau. "Kawia ufike," walisema. "Mshukuru Mungu amerudi, wenzio waume zao hawarudi." Kwa hiyo nilikuwa nashukuru. Nilikuwa mwanamke mwenye shukrani nyingi na posho kidogo.

Mama peke yake hakushukuru. Alikuwa mke wa mvuvi kwa miaka thelathini, na baba yangu alifia kitandani kwake mwaka 1994, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia hajui maisha ya bahari. Siku moja, tukiwa tunageuza dagaa juu ya nyavu, nilimtetea mume wangu kwa maneno niliyoyazoea: kazi yao ndivyo ilivyo, bahari haina ratiba. Mama alinyooka, akashika kiuno, akaniambia: "Mwanangu, baba yako alikuwa anaondoka. Huyu wako anapotea."

Ilinichukua miaka kuielewa tofauti ile, na naona nikae nayo hapa, kwa sababu watu wengi huichanganya kama nilivyoichanganya mimi.

Dagaa huvuliwa gizani. Taa ndizo zinazowavuta, zamani karabai na siku hizi taa za betri na jenereta, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, kwa hiyo mashua hupumzika siku kadhaa, nyavu hushonwa, mabaharia huenda makwao. Mke wa mvuvi wa dagaa ana kalenda juu ya paa lake. Akiona mwezi umejaa anajua aweke maji ya kuoga. Na hata wale wanaokwenda dago, kambi za mbali, Mafia na Kilwa kwa upande mmoja, Shimoni hadi Lamu kwa upande mwingine, wana hesabu zao za msimu. Wapemba wa Kojani wamekwenda dago pwani nzima hii kwa vizazi, na wake zao wanajua: kaskazi ikikatika, atakuja. Akichelewa, mwenzake atakayetangulia atapita kutoa salamu. Wenzake mume wangu, watu wa chombo kimoja naye, walirudi kwa hesabu hizo. Niliwaona wakipita njia na mizigo yao, wakinisalimia haraka haraka, wakitazama chini.

Baba yangu alivua mishipi na jarife enzi ambazo hapakuwa na simu ya mkononi mahali popote katika nchi hii. Mama alikuwa akipiga mistari kwa mkaa ukutani jikoni, mstari kwa kila usiku. Mistari ikizidi hesabu aliyoachiwa, alikuwa na haki ya kuogopa, na mara nyingi kabla hajaanza kuogopa jahazi fulani lingetia nanga na mtu angekuja kusema: mzee hajambo, upepo umemkatalia, mpe siku nne. Mbali alikuwa mbali sana. Lakini mama alijua siku zote amesimama wapi katika kungoja kwake. Mwanzo aliujua, mwisho aliujua.

Mimi nilikuwa sina ukuta wa kupiga mistari. Ningeanzia wapi, niishie wapi?

Miaka ya mwanzo niliisingizia njia. Barua hupotea, mtu wa kutumwa husahau. Mwaka 2004 alinunua simu, nami nikanunua, na nilifurahi kama mtu aliyepona ugonjwa. Haikuchukua muda nikatambua kwamba simu imenivua udhuru wangu wa mwisho. Zamani ukimya ulikuwa wa bahari. Sasa ukimya ulikuwa wake. Nilijifunza kuzitofautisha sauti: simu inayoita mpaka ikakatika, na yule dada aliyerekodiwa anayesema namba haipatikani kwa sasa. Ya kwanza iliniumiza zaidi. Nilikuwa nampigia saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda shule, kwa kuamini kwamba saa ile atakuwa ametoka kuvua na moyo wake umelainika. Na mlango wa mbele sikuutia komeo miaka yote ile. Niliuegemeza kinu kwa ndani, kinu ambacho yeye alijua namna ya kukisukuma bila kelele. Mama alinigombeza juu ya wezi. Nilimwambia mtaa wetu hauna wezi.

Mtoto aliona kila kitu. Alipokuwa na miaka sita, baba yake akiwa nyumbani wiki ya pili, aliamka usiku akachukua ndara za baba yake akazificha chini ya mtungi wa maji. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameona kwamba mtu akitoka huvaa ndara kwanza. Asubuhi baba alizitafuta, akacheka kidogo, akamwita, "Mwanangu, hujaona viatu vya baba?" Mtoto akatikisa kichwa. Nilijua ziko wapi, maana niliona ncha ya mkanda, nikanyamaza. Nilitaka kuona kama kuna kitu duniani kitakachomzuia. Alitoka peku. Kutoka kizingitini nilitazama nyayo zake kwenye vumbi mpaka kona ya duka la mkaa. Alirudi baada ya miezi saba, na safari hiyo mtoto hakukimbia kumpokea. Alisimama nyuma ya mlango akasema shikamoo, akaenda zake kucheza.

Watu huuliza kama alikuwa na mke mwingine. Niliuliza pia, na niliuliza kwa njia zote, hata zile zisizofaa. Hapakuwa na mke mwingine. Nilichokuja kukijua, kwa kumsikiliza shemeji na kwa kuunganisha vipande, ni kwamba alikuwa akikimbia madeni na aibu. Kwenye mashua ya dagaa, mafuta na chakula hukatwa kwanza, kisha mwenye chombo na nyavu huchukua fungu lake, kinachobaki ndicho mabaharia hugawana. Msimu ukiwa mbaya hakibaki kitu, na tajiri aliyekukopesha posho ya familia mwezi wa kwanza anakudai mwezi wa tatu. Baharia wa namna hii huhama chombo, huhama kambi, huzima simu. Mume wangu hakuweza kuingia nyumbani mikono mitupu. Alingoja mpaka apate cha kushika: ile doti, ile halua, yule pweza. Miezi iliyopita katikati aliiona kama gharama ya kuja vizuri.

Nilipolielewa hili nililia kwa huruma, na huruma ile ilinichelewesha miaka mingine miwili. Naiheshimu bado. Lakini kanga nane zilizo ndani ya sanduku langu hazikuwahi kumuuguza mtoto wa homa usiku. Laiti angekuja hana kitu, akaketi kwenye mkeka, akasema nimeshindwa msimu huu, mke wangu, nipe chai. Mimi nilikuwa na mshahara wa mwalimu. Mdogo, lakini ulikuja kila mwezi, na chai ilikuwepo.

Mwaka 2010, katika ile miezi tisa, nilikwenda kwa sheikh, mzee aliyemfundisha baba yangu Qurani. Nilimuuliza kuhusu mwanamke ambaye mumewe amepotea. Akanieleza kwa upole hukumu ya mtu asiyejulikana yu hai au amekufa, ambaye vitabu vya fikihi humwita mafkudi. Akanitajia hukumu inayonasibishwa na Khalifa Umar: mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, na hapo awe huru. Akaongeza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi iko kauli nzito zaidi, kwamba angoje mpaka ipatikane yakini. Halafu akanitazama. "Lakini mumeo, mwalimu, kwani hajulikani aliko?"

"Anajulikana, sheikh," nilimjibu. "Ila si kwangu."

Mwalimu mwenzangu alinipa pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nayo inataja mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, na mojawapo ni kumtelekeza mwenzi kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu. Nilikaa na kalamu nikajumlisha. Miezi yake yote ya kupotea ilikuwa imepita miaka mitano, lakini hapakuwa na kipande kimoja kilichofika hata mwaka. Kila aliporudi na halua yake, hesabu ilianza upya. Sheria ile inataja pia kutomjali mwenzi kwa makusudi, na mlango huo ulikuwa wazi kwangu siku zote. Sikuuona kwa sababu sikuwa natafuta mlango. Nilikuwa natafuta idadi. Nilitaka mtu mwenye mamlaka aniambie siku fulani kungoja kwako kutakuwa kumetosha.

Ndipo ikaja Spice Islander.

Alipofika kutoka Vanga, mwishoni mwa Oktoba, nilimpokea kwa adabu zote. Hakuwa na doti safari hii, na nilimshukuru kwa hilo. Usiku, mtoto amelala, nilimwambia kitu ambacho ningepaswa kumwambia miaka kumi na miwili kabla. Sikumwambia asiende. Mimi ni mtoto wa mvuvi, siwezi kumwambia mtu asiende baharini. Nilimwambia, "Baba mtoto, sikuzuii kwenda. Niambie siku. Ukiona siku imekushinda, nitumie mtu aniambie siku nyingine. Ukikosa hela, njoo huna hela. Nataka siku tu."

Alinishika mkono, na machozi yalimtoka, na najua hayakuwa ya uongo. Akataja: giza la mwezi wa tatu likimalizika, mwezi ukijaa, atakuwa mlangoni. Akaapa. Nilikwenda dukani nikanunua kalenda.

Machi ikaisha. Aprili ikaja na masika. Siku ile niliyoizungushia duara ilipopita, nilikaa wiki moja zaidi kwa ajili ya upepo, kama ambavyo mama angefanya, na wiki nyingine kwa ajili ya udhaifu wa binadamu. Kisha nilikwenda kwenye baraza la usuluhishi nikaandikisha shauri langu. Nikatia komeo mlangoni usiku ule. Mama alikuja kulala kwangu bila kuulizwa.

Alirudi Agosti. Hatukugombana. Niliomba khului, nikarudisha mahari yake, shilingi laki moja na nusu, kwenye bahasha. Niliichagua khului makusudi, kwa kuwa ndani yake mume hana rejea ya upande mmoja. Akitaka kurudi ni ndoa mpya kwa ridhaa yangu. Nilijijua. Nilijua nikisikia kinu kikisukumwa nitafungua.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha kuliko miaka yote. Wakati wa eda yangu alikaa Tanga kwa mdogo wake, akibeba mizigo bandarini, na kila Ijumaa baada ya swala alikuja barazani kwetu na posho ya mtoto. Kila Ijumaa. Saa ile ile, na mama amekaa pembeni na kisu chake cha mchicha. Ijumaa ya nne nilijikuta nimevaa vizuri. Ijumaa ya tisa aliniomba tufunge ndoa upya, akasema, "Si umeona? Naweza." Na kweli nilikuwa nimeona. Sikulala siku tatu. Mwanamke yeyote aliyempenda mtu kama huyu anajua kwamba hapo ndipo penye mteremko, kwa sababu ushahidi upo mezani, mtu amebadilika, kila mtu anasema amebadilika.

Mama hakunishauri. Alisema tu, akikata mchicha, "Anakuja vizuri. Siku zote alikuwa anakuja vizuri." Nikaelewa. Alikuwa anaweza kuja. Aliweza kuja hata Ijumaa kumi na mbili mfululizo, kwa sababu baada ya saa moja anaondoka, na kwa sababu alikuwa ananitafuta. Kilichomshinda ni Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, siku ambazo hakuna anayemtafuta mwenzake na watu wamechoka na gesi imekwisha. Nilimwambia hapana, nikiwa nampenda. Sikungoja mapenzi yaishe ndipo niseme. Kama ningengoja hilo ningekuwa bado nangoja.

Binti yangu amesomea ustawi wa jamii. Ni yeye aliyenionyesha kazi za Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alichunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita ya Vietnam, na mwaka 1999 akatoa kitabu juu ya msiba usio na uhakika. Anaeleza namna mbili: mtu ambaye mwili wake haupo lakini amejaa moyoni mwa waliobaki, na mtu ambaye mwili wake upo lakini mwenyewe hayupo, kama mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Binti yangu aliniuliza sisi tulikuwa wa namna gani. Nilifikiri sana. Nikamwambia mimi nilikuwa na ya kwanza miezi saba na ya pili siku kumi, kwa kupokezana, kwa sababu hata akiwa kitandani pangu nilikuwa nimeshaanza kusikiliza kama anatafuta ndara. Akaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Nilitaka kumkataza, nikamwacha.

Baba yake sasa yuko Pemba, kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Mguu umemshinda, bahari ameiacha. Binti huvuka kwa meli kwenda kumwona kila baada ya miezi miwili hivi, na nyumbani kwetu kuna desturi ambayo hakuna aliyeitangaza: anayetoka husema siku, akifika hutuma neno moja, nimefika. Mwezi uliopita alipiga simu akiwa bandarini Wete, anasubiri kupanda. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo.

"Mama, baba ananiuliza siku," alisema. "Kila nikiaga ananishika mkono, anataka nimtajie siku nitakayorudi. Jirani ananiambia siku hiyo ikifika anatoka barazani tangu alfajiri, hataki hata kuingia kula."

Nilinyamaza. Nilisikia upepo kwenye simu yake, na watu wakiitana na mizigo.

"Umemwambia siku gani?"

"Nimemwambia Alhamisi, tarehe ishirini na mbili. Lakini kazini kuna kikao, nilikuwa nafikiria labda nisogeze mpaka wiki inayofuata—"

"Mwanangu," nilimwambia, "kama umemwambia Alhamisi, iwe Alhamisi."